Raha ya leo au raha ya umri mzima? Mhadhara kuhusu Wagiriki na starehe

Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kunialika. Nafurahi kuona ukumbi umejaa. Ningepangiwa kuzungumzia wajibu, nadhani viti vya nyuma vingekuwa vitupu.

Sote tunaijua kauli ya "ponda mali, kufa kwaja". Mtu akisikia kwamba Ugiriki ya kale ilikuwa na wanafalsafa waliofundisha kuwa raha ndiyo lengo la maisha, kitu ambacho wasomi hukiita hedonisimu, haraka anawaweka kwenye kauli hiyo: watu wa mvinyo, ngoma na wanawake, waliotafuta maneno makubwa ya kufunika ulafi wao. Wasomaji wa Biblia wana sababu ya ziada. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, Paulo anafika Athens na kukutana na wafuasi wa shule mbili za falsafa, Waepikureo na Wastoiko. Kisha katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, anaandika kwamba ikiwa wafu hawafufuliwi, basi na tule, na tunywe, maana kesho tutakufa. Wengi wameunganisha mambo hayo mawili wakasema: hayo ndiyo maneno ya Waepikureo.

Siyo. Maneno hayo yanatoka kwa nabii Isaya, sura ya 22, na wanaoyasema ni watu wa Yerusalemu ambao adui yuko mlangoni, nao badala ya kulia wanachinja ng'ombe na kondoo. Epicurus, mwasisi wa Waepikureo, alizaliwa karne kadhaa baada ya Isaya. Ila naomba muishike hoja ya Paulo, maana itatufaa baadaye. Anachosema ni kwamba jibu la swali la raha linategemea una muda kiasi gani. Kama mwisho ni kaburini, kula. Kama kuna kinachofuata, hesabu inabadilika. Mimi naona hapo amegusa penyewe. Wagiriki waliokubaliana kwamba raha ndiyo jambo jema waligombana wao kwa wao vikali kuliko walivyogombana na wapinzani wao, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya wakati: raha ipimwe kwa saa hii, au kwa umri mzima?

Tuanzie Afrika. Kurene, mji aliotoka yule Simoni aliyebebeshwa msalaba wa Yesu, magofu yake yapo leo kaskazini-mashariki mwa Libya. Uliasisiwa na Wagiriki kutoka kisiwa cha Thera katika karne ya 7 K.K., ukatajirika, na sehemu kubwa ya utajiri huo ilitokana na mmea mmoja wa porini ulioitwa silphium. Ulikuwa kiungo cha chakula na dawa pia, na thamani yake ilikuwa kubwa hata wakauchora kwenye sarafu zao. Katika mji huo wa watu wenye nafasi ndiko alikozaliwa Aristippus, karne ya 5 K.K. Alisikia habari za Socrates, akavuka bahari kwenda Athens kumsikiliza, akawa miongoni mwa wafuasi wake. Baadaye alitoza ada kwa mafundisho yake, jambo ambalo Socrates hakulifanya, na wenzake hawakumsamehe.

Hatuna kitabu chake hata kimoja. Tulicho nacho ni visa, na vingi vimehifadhiwa na Diogenes Laertius, mwandishi wa karne ya 3 hivi baada ya Kristo ambaye alipenda umbea kuliko hoja. Mimi simlaumu; bila umbea wake tungekuwa gizani. Anasimulia kwamba Aristippus aliishi kwenye kasri la Dionysius, mtawala wa mabavu wa Syracuse, mji wa Wagiriki katika kisiwa cha Sicily. Siku moja alimwombea rafiki yake jambo fulani, akakataliwa, akajitupa miguuni pa mtawala. Watu walipomcheka alijibu kwamba kosa si lake, ni la Dionysius mwenye masikio miguuni. Safari nyingine Dionysius alimtemea mate, naye akanyamaza. Alipoulizwa anavumiliaje, akasema wavuvi hukubali kuloweshwa na maji ya bahari wapate samaki mdogo. Yeye atashindwaje kuvumilia mate kwa ajili ya samaki mkubwa? Sisi tungesema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Aristippus aliinama bila kuona haya.

Mngedhani basi huyu ni chawa tu wa wakubwa. Lakini sikilizeni kisa kingine. Aliingia kwenye nyumba ya kahaba akiwa na kijana, kijana akaona aibu. Aristippus akamwambia: kuingia si tatizo, tatizo ni kushindwa kutoka. Na alipolaumiwa kwa uhusiano wake na Lais, mwanamke maarufu wa starehe, alijibu kwamba yeye ndiye amempata Lais, Lais hajampata yeye. Kwake, ubora wa mtu ni kuitawala raha pasipo kutawaliwa nayo, wala haoni sifa yoyote katika kuikimbia. Ndiyo maana Diogenes (si yule mwandishi wa visa, ni mwingine), mwanafalsafa aliyejisifia umaskini, alipomwona akipita huku yeye mwenyewe akiosha mboga za majani, alimtupia neno: ungejifunza kula hizi, usingewanyenyekea watawala. Aristippus akamjibu: na wewe ungejua kuishi na watu, usingekuwa unaosha mboga.

Shule yake ilirithiwa na binti yake, Arete, naye akamfundisha mwanawe aliyeitwa pia Aristippus. Kijana huyo akabaki na lakabu ya "aliyefunzwa na mama". Taja shule nyingine ya falsafa ya enzi hizo ambayo iliendelezwa na mwanamke akimrithi baba yake. Inawezekana ni mjukuu huyu, zaidi ya babu, aliyeyapanga mafundisho yao, nayo ni haya: raha ni mwendo laini ndani ya mwili, maumivu ni mwendo wa kukwaruza. Tunachokijua kwa hakika ni hisia zetu wenyewe. Raha iliyopita imepita, ya kesho haijafika, kwa hiyo iliyopo kweli ni ya sasa. Na jumla ya maisha, yaani furaha ya umri mzima, si lengo. Tunaitaka kwa sababu imejengwa na raha moja moja, kila moja kwa wakati wake.

Hapa ndipo Plato anapowabana, ingawa hakuwataja kwa jina. Katika mazungumzo yake yaitwayo Protagoras, Socrates anasema kitu kilichoko karibu huonekana kikubwa na cha mbali huonekana kidogo, na raha hutudanganya vivyo hivyo. Ya leo inaziba ya mwakani. Kwa hiyo anayetafuta raha kwa dhati anahitaji elimu ya kupima. Katika Philebus anakwenda mbali zaidi. Tuseme una raha zote, lakini huna kumbukumbu, huna akili, huna uwezo wa kutarajia. Hutakumbuka kwamba ulifurahi jana, hutajua kwamba unafurahi sasa, hutaweza kukisia kwamba utafurahi kesho. Hayo, anasema, si maisha ya binadamu, ni maisha ya chaza. Kwangu mimi hoja hiyo haijajibiwa hadi leo. Ukiiondolea raha muda, unamwondoa na mwenye raha.

Na mmoja wa warithi wa Kurene alithibitisha hatari ya upande wa pili. Hegesias alikubali kwamba raha ndiyo jema pekee, kisha akafanya kile ambacho waasisi walikataa kufanya: akajumlisha. Mwili unaumwa, roho inaumia pamoja nao, bahati inavunja matumaini. Akahitimisha kwamba maisha ya furaha hayawezekani, na mwenye hekima afanye bidii ya kupunguza maumivu tu. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba mfalme Ptolemy alimkataza kufundisha huko Alexandria kwa sababu wasikilizaji wengi walikuwa wakijiua. Kisa hicho huenda kimetiwa chumvi, lakini lakabu aliyopewa, "mshawishi wa kifo", ilimganda. Angalieni tulipofika: shule iliyoanza na mvinyo wa Syracuse imeishia hapo, kwa hesabu tu.

Sasa Epicurus. Huyu nitakaa naye zaidi.

Alizaliwa mwaka 341 K.K. katika kisiwa cha Samos, kwa wazazi wa Athens. Mwaka 306 K.K. hivi alihamia Athens akanunua bustani kwa mina 80, yaani drakma 8,000. Humo akaishi na marafiki, na shule ikaitwa Bustani. Wanawake walikaribishwa, watumwa pia. Mtumwa wake Mys alikuwa mwanafunzi anayejulikana. Kwa mji kama Athens hilo peke yake lilitosha kuzua maneno. Timocrates, aliyekuwa mwanafunzi akaondoka kwa ugomvi, alieneza kwamba Epicurus alikula hadi akawa anatapika mara mbili kwa siku. Hadi leo neno la Kiingereza lililotokana na jina lake lina maana ya mtu mwenye kujua vyakula vizuri. Timocrates alishinda.

Ndani ya Bustani kwenyewe kulikuwa na nini? Seneca, mwandishi wa Kirumi ambaye alikuwa Mstoiko na hana sababu ya kumpamba, anasema mlangoni paliandikwa: mgeni, hapa utakaa vizuri, hapa jambo jema kuliko yote ni raha. Ukiingia, mwenyeji anakuletea uji wa shayiri na maji tele, kisha anakuuliza kama hujakirimiwa vyema. Uji, jamani. Epicurus mwenyewe alimwandikia rafiki: nitumie chungu kidogo cha jibini, ili nikitaka kufanya karamu niweze. Karamu ya mtu wa raha ilikuwa kipande cha jibini.

Hakuwa akijitesa. Alikuwa na hoja. Katika barua yake kwa Menoeceus anasema wazi kwamba raha ni mwanzo na mwisho wa maisha mema, halafu anaongeza kwamba haimaanishi raha za wafujaji, wala kunywa mfululizo, wala meza ya samaki wa gharama. Anamaanisha mwili usioumwa na roho isiyosumbuka. Tamaa anazigawa: zipo za asili na za lazima, kama chakula cha kuondoa njaa na maji ya kuondoa kiu; zipo za asili ila si za lazima, kama mapishi ya kifahari; na zipo zisizo za asili wala za lazima, kama kutaka kusimamishiwa sanamu. Zile za kwanza zina mwisho. Ukishiba, umeshiba, baada ya hapo unaweza kubadilisha vionjo, lakini huwezi kuiongeza raha yenyewe. Zile za mwisho hazina pa kufikia, na mtu asiye na pa kufikia hatulii. Wakurene, yaani wafuasi wa Aristippus, walimcheka. Kutoumwa tu, walisema, ni hali ya mtu aliyelala usingizi.

Lakini tofauti kubwa kati yao ni ile niliyoanza nayo. Wakurene walisema maumivu ya mwili ni mabaya kuliko ya roho. Ndiyo sababu wahalifu huadhibiwa mwili. Epicurus akajibu kwamba mwili unajua dhoruba ya sasa tu, na roho inabeba ya jana, ya leo na ya kesho. Kwa hiyo roho inaweza kuumia zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo inaweza kufurahi zaidi. Kumbukumbu ni akiba. Hofu ya kesho ni deni. Na hofu kubwa kuliko zote, kifo, anaivunja kwa sentensi moja: sisi tukiwepo, kifo hakipo, kifo kikiwepo, sisi hatupo. Kisha anasema jambo ambalo naliona la ujasiri kuliko yote aliyoyasema: muda usio na mwisho hauna raha kubwa zaidi ya muda wenye mwisho, ikiwa unaipima raha kwa akili.

Mrudieni Paulo sasa. Paulo anasema: hakuna ufufuo, basi kula na kunywa. Epicurus anakubali sharti na kukataa matokeo. Hakuna ufufuo, anasema, na kwa hiyo hakuna haja ya kuharakisha. Anayeponda mali kwa kuwa kufa kwaja ni mtu anayeogopa, na anayeogopa hajaipata raha. Sisemi Epicurus alikuwa sahihi kuhusu kaburi. Mimi ni muumini na sikubaliani naye. Nasema kwamba wanaomhubiri kama mtu wa "na tule, na tunywe" wamembandika fundisho ambalo yeye aliliona ugonjwa.

Wapinzani nao walikuwa na hoja nzito. Cleanthes, mkuu wa pili wa Wastoiko, alikuwa akiwaambia wasikilizaji wafikirie picha iliyochorwa: Raha amekaa kwenye kiti cha enzi, amevaa mavazi ya kifalme, na Fadhila zote, haki, ujasiri, kiasi, wamesimama kando yake kama vijakazi, kazi yao kumhudumia na kumnong'oneza masikioni asije akafanya jambo la kumletea maumivu. Hilo ni pigo kwelikweli. Epicurus anasema huwezi kuishi kwa raha bila kuishi kwa haki, sawa, lakini ukimuuliza ubaya wa dhulma ni nini, anakujibu kwamba ni ile hofu ya kukamatwa. Kijakazi anafanya kazi vizuri. Bado ni kijakazi.

Wastoiko nao walipata aibu yao, na siwezi kuiruka. Dionysius wa Heraclea (si yule mtawala, ni mwingine) alikuwa mwanafunzi wa Zeno, mwasisi wa Wastoiko, akafundishwa kwamba maumivu si jambo baya. Akaugua macho. Maumivu yalipozidi akashindwa kuendelea kuyaita jambo lisilo jema wala baya, akahamia kwa watu wa raha. Wakampa lakabu ya "Mgeuzi". Na Aristotle anamtaja Eudoxus, mwanaastronomia na mwanahisabati, aliyefundisha kwamba raha ni jema kwa kuwa viumbe wote huiendea. Anasema watu walimwamini kwa tabia yake kuliko kwa hoja zake, kwani alikuwa mtu wa kiasi mno. Hakuna aliyeweza kusema anajitetea. Aristotle mwenyewe alisimama katikati: raha hukamilisha tendo jema kama nuru ya ujana inavyomkamilisha kijana. Haitafutwi peke yake. Ni jibu zuri, na kwa mhadhara wa raha ni jibu la kutuharibia jioni, kwa hiyo naliacha hapo.

Mjadala haukufa na Wagiriki. Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa wa Rayy huko Uajemi, aliyefariki mwaka 925 hivi, aliishika kauli iliyotoka kwa Plato kwamba raha ni kurudi kwenye hali ya asili baada ya kuiacha. Mwenye njaa anarudishwa na chakula. Kwa hiyo anayetafuta raha nyingi anatafuta pia upungufu mwingi. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na ambaye baadhi yenu mmemsoma darasani kwa masheikh, anasema kila kiungo kina ladha yake: jicho kuona kizuri, sikio kusikia sauti njema, na moyo kumjua Mungu. Ladha za mwili hukatika kwa kifo. Ile ya moyo haikatiki, kwa kuwa moyo haufi. Mnaona alichofanya? Hakuifuta raha kwenye daftari. Aliongeza muda wa hesabu. Wapo watu wa dini walioifukuza raha kabisa, lakini nadhani njia ya Ghazali ndiyo iliyopita kwa waumini wengi wa kawaida, Waislamu kwa Wakristo.

Jeremy Bentham, mwaka 1789 huko Uingereza, alifanya kinyume. Akaibakiza raha duniani, akaipimia ukali wake, urefu wake, uhakika wake, ukaribu wake, kisha akaongeza kipimo ambacho Wagiriki wa raha hawakuwa nacho: idadi ya watu. Aristippus na Epicurus walikuuliza wewe utaishije. Bentham anaiuliza serikali raha ya wangapi itaongezeka. Hiyo ni falsafa nyingine iliyovaa nguo za ile ya kwanza, na huwa nachoka kuona vitabu vya shule vikiziweka ukurasa mmoja.

Nimalizie na swali ambalo ningependa mnibane nalo. Epicurus alifariki mwaka 270 K.K. hivi, kwa mawe kwenye njia ya mkojo, baada ya kuugua siku 14. Inasimuliwa kwamba aliingia kwenye beseni la shaba lenye maji ya moto, akaomba mvinyo usiochanganywa na maji, akanywa, akawaambia marafiki wayakumbuke mafundisho. Katika siku hiyo ya mwisho, aliyoiita ya heri, alimwandikia rafiki yake Idomeneus kwamba mkojo umeziba, tumbo linaharisha, maumivu hayawezi kuzidi hapo, ila anayakabili kwa furaha ya kukumbuka mazungumzo yao. Halafu anaomba: watunze watoto wa Metrodorus.

Metrodorus, rafiki yake mkubwa, alikuwa ameshakufa miaka saba kabla, akaacha mtoto wa kiume aliyepewa jina la Epicurus, na binti. Wosia unataja matunzo yao, unataja binti aozwe akifikia umri, unawaachia huru watumwa kadhaa akiwemo Mys.

Cicero, mwaka 45 K.K., aliishika barua hiyo akauliza: mtu anayesema kifo si kitu kwetu, na jema ni raha yangu, anahangaikia watoto wa marehemu kwa hesabu gani? Raha ya kuwaona wameolewa hataipata. Mwepikureo anaweza kujibu kwamba Epicurus alipata utulivu siku ile ile, kwa kujua watoto hawatatupwa. Jibu hilo ni zuri ila halitoshi. Utulivu huo usingekuja kama hakuwapenda kwanza. Upendo ulitangulia, raha ikafuata nyuma, na fundisho lake lilitaka mpangilio uwe kinyume. Kwa hiyo hapo nampa Cicero ushindi, ingawa nikitafuta mlezi wa wanangu, kati ya hao wawili ningemchagua Epicurus. Maikrofoni ipo pale mbele. Tafadhali anayepinga aanze.